Paka Siagi Sinia Zima

Unga upumzike. Ndivyo simu ilivyosema, na Fundi aliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa sauti, miwani ikiwa imemshuka puani, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa anakunywa chai.

"Unasikia haya? Nikishaukanda, unga upumzike! Mimi niliyeukanda nisimame tu hapa, unga ndio upumzike!"

"Labda kwao unga una chama cha wafanyakazi," mumewe alisema.

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Hata hivyo aliufunika ule unga kwa kitambaa kisafi, akauweka dirishani penye jua, akauacha upumzike kama ulivyoombewa. Ukweli ni kwamba alikuwa amenogewa. Tangu mambo haya ya mapishi yaanze, mama huyu wa makamo, fundi cherehani asiyejua utani na kazi yake, alikuwa anaamka na furaha ya mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Cherehani ilikuwa chumba cha mbele, jiko lilikuwa chumba cha nyuma, na wateja waliokuja kufuata magauni yao walimkuta huko nyuma, mikono imejaa unga, akiwaambia waje kesho. Na kesho ya fundi cherehani kila mtu anaijua.

Chanzo cha yote kilikuwa kijana wao. Kijana huyo ni fundi wa lifti katika nchi ya mbali, na siku moja huko aliitwa kumtoa binti mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amekwama kati ya ghorofa na ghorofa. Kwa maneno yake mwenyewe, binti alitoka, yeye akanasa. Sasa mkataba wake wa kazi ulikuwa unaelekea ukingoni, na wawili hao walitaka kuoana na kuja kuishi huku nyumbani. Binti alikuwa tayari. Kiswahili alikuwa ameshajifunza, akikisema taratibu na kwa sauti safi, kama anayewafundisha watoto wimbo. Kikwazo kilikuwa mama yake.

Mama huyo alikuwa mfamasia, mjane, na binti ndiye mtoto wake wa pekee. Hakukataa, wala hakukubali. Alisema neno moja tu, na kijana alilifikisha nyumbani bila kulipunguza: "Simjui mtu ninayempelekea mwanangu." Na binti naye aliapa kwamba bila baraka za mama yake hapandi ndege.

Maneno hayo yalimwingia Fundi mpaka ndani. Hakukasirika, maana angekuwa yeye angesema makubwa zaidi. "Basi anijue," alimwambia mwanawe. "Nipe namba yake."

Ndipo wakaanza kuandikiana, mama kwa mama, kila mmoja kwa lugha yake, simu ikifasiri katikati. Salamu ziliwaishia siku ile ile ya kwanza. Habari za mvua na jua ziliwafikisha mahali, nazo zikakauka. Fundi alipoishiwa kabisa akapiga picha sufuria yake ya mchana na kuituma, basi tu, ili asionekane amenyamaza. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini: ile rangi nzuri ya mchuzi umeipataje?

Wee! Hapo mlango ukafunguka. Kumbe mama wa watu naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikaa kwenye jengo refu lenye watu wa kila pembe ya dunia, na kila aliyekutana naye kwenye ngazi alimwomba pishi moja la kwao. Alimtumia Fundi viazi vya kuponda vilivyofungwa ndani ya majani ya kabichi, alivyofundishwa na jirani wa chini. Alimtumia samaki wa kulazwa kwenye siki, wa bibi mmoja aliyekuja dukani kwake kununua dawa ya mgongo akatoka amemwachia pishi. Fundi akapika vyote. Mumewe akala vyote. Mumewe huyo ni mpaka rangi, mtu wa kupanda ngazi na brashi toka asubuhi, na anaporudi nyumbani hachagui. "Nimeshaizunguka dunia nusu," aliwaambia wenzake kazini, "na pasipoti sina."

Ugomvi haukukosekana. Fundi alipika kama anavyokata kitambaa, kwa jicho. Chumvi kiasi, mafuta kiasi, maji kiasi. Mfamasia akauliza, kiasi ni gramu ngapi? Fundi akajibu, kiasi ni kiasi. Akaulizwa, kidogo au kingi? Akajibu, cha kutosha. Ikaja picha ya mizani ndogo ya dukani, ya kupimia dawa, juu yake kilima cha chumvi, na swali: hiki ndicho kiasi? Fundi aliivuta picha kwa vidole, akaitazama kama anayekagua mshono. "Ongeza," akaandika. Toka siku hiyo ndani ya nyumba mama wa binti akaitwa Mama Mizani, na kwa kuwa jina la utani humpi mtu usiyempenda, Fundi mwenyewe alishtuka alivyoanza kumpenda.

Kilichomfurahisha zaidi ni vile maneno ya jikoni ya wenzetu yalivyofika yamevaa nguo ngeni. Siku moja simu ilimwambia kwamba supu itabasamu, isicheke. Mumewe alidhani simu imeharibika. Fundi alikaa kidogo, akaangalia sufuria yake iliyokuwa inatokota taratibu kwa moto mdogo, viputo vikitokea pembeni kimoja kimoja, na akapiga kofi. "Nimemwelewa! Jamani nimemwelewa! Ona, inatabasamu!" Akapunguza moto zaidi na kumvuta mumewe shati aje aone supu yenye adabu.

Basi Mama Mizani akatoa wazo. Jumapili tupikiane, aliandika. Wewe upike kile ninachompikia mwanangu tangu mdogo, mimi nipike kile unachompikia wako. Kijana alipiga simu siku hiyo hiyo, sauti imemkauka. "Mama, hiyo siyo Jumapili ya kawaida. Amemwambia binti yake kwamba baada ya hapo atatoa neno lake."

Fundi akapiga moyo konde. Aliketi mbele ya cherehani, akaisogeza simu mdomoni, akaisomea pishi la mkate wake wa maziwa, ule uliomlea kijana mpaka akaota ndevu. Pasha maziwa yawe vuguvugu, alisema, tia hamira na sukari kiasi, kanda na unga mpaka usishike mikononi, funika uumuke. Sasa siri iko hapa. Paka siagi sinia zima. Usiogope, paka mpaka ukingoni. Ukiiva utoe, paka tena juu ungali wa moto. Mume wangu ndiye hupaka, maana kupaka ndiyo kazi yake. Akabonyeza kutuma, akajisikia amempa mwenzake kitu cha thamani.

Mama Mizani naye alikuwa ameshatuma lake: supu ya kuku yenye vidonge vidogo vya unga. Kuku mmoja, karoti, vitunguu, na sentensi moja iliyosimama peke yake: karafuu kumi na mbili za kitunguu saumu, usipunguze hata moja. Fundi alikuna kichwa. Karafuu katika supu ya kuku? Na karafuu za kitunguu saumu ndizo zipi? Akaamua ni karafuu na kitunguu saumu, vyote pamoja, na kwamba simu imekula neno dogo katikati. Yeye ni nani hata abishane na mtu anayepima chumvi kwa mizani? Akaipika siku ile ile kwa majaribio, akahesabu karafuu mpaka kumi na mbili, akamwekea mumewe bakuli.

"Vipi?"

"Tamu," mumewe alisema. Alimaliza bakuli lote, na jioni hiyo hakuongea sana.

Lakini kutoka kwa Mama Mizani hakukuja kitu. Ujumbe wa mkate ulionyesha alama za kusomwa, kisha kimya. Fundi akatuma salamu, zikasomwa, kimya. Akatuma picha ya kitambaa kizuri alichotaka kumshonea mgeni wake gauni siku akija, ikasomwa, kimya. Alianza kukosa raha. Alikosea kukata kola ya shati la mteja, kitu ambacho hakijamtokea tangu alipokuwa mwanafunzi wa ufundi. "Ni lile neno kiasi," alimwambia mumewe. "Nimemchosha na viasi vyangu. Nimemharibia mtoto wangu kwa sababu ya sukari kiasi!"

Jumamosi asubuhi kijana akapiga simu.

"Mama, hebu niambie ukweli. Umemwandikia nini mama mkwe wangu?"

"Mkate! Nimemwandikia mkate! Kwani kuna nini?"

"Anauliza kama nyumbani kwetu tunakula paka."

Fundi aliishusha simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Tunakula nini?"

"Paka, mama. Nyau. Simu imemfasiria hivi, sikiliza." Kijana alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Paka mwenye siagi, sinia zima. Usiogope. Paka mpaka ukingoni. Ukiiva, utoe, paka mwingine juu angali wa moto. Mume wangu ndiye mwenye paka, ndiyo kazi yake."

Mumewe Fundi, aliyekuwa anasikiliza kwa karibu, alijishikiza mlangoni. "Miaka yote hii!" alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Miaka yote hii nimepaka nyumba za watu, kumbe nilikuwa naziwekea paka!"

Fundi naye alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akaegemea cherehani. Kijana hakucheka.

"Mama, kuna lingine. Yeye ana paka wake. Yule wa kijivu."

Kicheko kikamkatikia Fundi kooni. Alimjua vizuri sana yule paka. Alikuwa mnene, mvivu, na alitokea kwenye kila picha ya jiko la Mama Mizani, amelala juu ya kiti kama mwenye nyumba. Wiki iliyopita tu Fundi mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amemwandikia mwenzake sifa: paka wako amenona!

"Ooo, Mungu wangu," alisema taratibu.

"Binti amejaribu kumweleza. Amemwambia ni neno jingine, ni kitendo. Anaitikia tu kichwa, na huko chumbani amemfungia paka. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Nadhani hata yeye hajui aamini nini. Mama, nimechoka, wallahi. Yaani nimekaa na vyuma vya lifti vilivyokatika, sijawahi kuogopa hivi."

Fundi alikaa chini. Aliona mbele yake yule binti, na tiketi ya ndege isiyokatwa, na kijana wake akirudi peke yake na begi moja, au asirudi kabisa. Kisha, kama kawaida yake anapokuta kitambaa kimekatwa vibaya, hasira ilimpanda na akili ikaja nayo.

"Sikiliza. Kesho ni Jumapili, siyo? Hakuna kuandikiana tena. Hiyo simu isifasiri hata salamu. Utamweka mbele ya jiko lake, mimi nitakuwa mbele ya langu, tutazamane. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kesho yake simu ya Fundi ilisimama mezani, imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai, kioo kinatazama jiko. Yeye alikuwa amevaa gauni lake la kitenge kigumu, yaani lile analovaa anapokwenda kudai, na juu yake aproni aliyoishona asubuhi hiyo hiyo. Mumewe alikuwa amenyoa ndevu. "Naogopa, na nina furaha, na sijui kipi kimezidi," alimwambia mumewe, na mumewe akasema na yeye hivyo hivyo.

Kioo kikawaka. Jiko la upande wa pili lilikuwa jeupe, safi, na katikati yake alisimama Mama Mizani mwenyewe, mrefu kuliko alivyodhaniwa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mikono ameikunja. Binti alikuwa kulia kwake, kijana kushoto. Paka hakuonekana popote.

"Shikamoo mama, shikamoo baba," binti alisema kwa ule wimbo wake.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Mwambie mama nimefurahi kumwona." Fundi alijirekebishia aproni. "Sasa mwambie asiseme kitu. Atazame tu. Mzee, haya."

Mumewe akajitokeza mbele ya kioo kama mwanasiasa jukwaani. Mkononi alishika brashi ya rangi, pana, mpya kabisa, aliyoichemsha maji mara tatu kwa amri ya mkewe. Akainyanyua ionekane. Akaichovya ndani ya bakuli la siagi iliyoyeyushwa. Kisha, kwa mkono ule ule unaopendezesha kuta za watu, aliteremsha brashi kwenye sinia tupu kwa mstari mmoja mrefu, mtulivu, usio na doa.

"Na-paka," alisema. Akapeleka mstari wa pili. "Na-paka." Akazungusha mpaka kwenye ukingo. "Na-paka mpaka ukingoni." Halafu akaugeukia ukuta wa jiko lake, akaupaka hewani kwa brashi ile ile, juu chini, juu chini. "Nyumba, napaka. Sinia, napaka. Mimi mpaka rangi. Paka, yule nyau, simjui, hatujawahi hata kusalimiana!"

Binti alikuwa wa kwanza kuvunjika. Alicheka akashika mdomo, akajaribu kumfasiria mama yake, kicheko kikamshinda, akaanza upya. Mama Mizani alivaa miwani yake. Alisogea karibu na kioo mpaka uso wake ukajaa, akaitazama brashi, akalitazama sinia linalong'aa. Alikunjua mkono mmoja na, polepole, akapitisha vidole hewani juu chini.

"Paka?" aliuliza.

"Ndiyo! Paka!" Fundi alipiga kelele.

Mama Mizani akatoka kwenye kioo. Mlango ulisikika ukifunguliwa mahali fulani, na akarudi amembeba yule wa kijivu kifuani, kajaa mikono yote miwili, amekasirika kwa kufungiwa. Akamnyooshea kidole. "Paka?"

"Na huyo ni paka!" walisema Fundi na mumewe kwa pamoja.

Hapo mama wa watu alicheka. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni ambacho mtu asingekitegemea kwa mtu anayepima chumvi, na paka alitikisika nacho mpaka akaruka chini. "Paka anapaka paka," alisema, akajaribu tena kwa haraka, ulimi ukajikwaa, wakacheka wote upya, nchi mbili kwa wakati mmoja. Kijana aliegemea friji, amefumba macho, kama mtu aliyeteremka salama kutoka juu sana.

Kwa furaha hiyo Fundi akajisahau. Alitaka sasa aonyeshe na yeye alivyoitii supu ya mwenzake, neno kwa neno. Akaifunua sufuria yake kwa mbwembwe zote, akaisogeza karibu na simu. "Mwambie mama aone! Inatabasamu, haicheki!"

Mama Mizani akachungulia. Tabasamu likampotea taratibu. Akauliza kitu, sauti juu.

"Anauliza," binti alisema, "hivyo vyeusi vinavyoelea ni nini?"

"Si karafuu zake! Kumi na mbili, sikupunguza hata moja."

Binti alisema neno moja kwa mama yake, na mama yake akatoa ukelele, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama," kijana alisema, sasa yeye ndiye anajizuia, "huku kwao ile punje ya kitunguu saumu na karafuu zinaitwa jina moja. Alitaka punje kumi na mbili za kitunguu saumu. Karafuu hazimo kwenye supu hiyo kabisa. Anasema yeye dukani kwake karafuu anawauzia watu wenye jino bovu. Zinalitia ganzi."

Kila kichwa kikamgeukia mumewe Fundi.

"Alhamisi," Fundi alisema, "nilikuuliza. Ukasema tamu."

"Ilikuwa tamu mwanzoni," mumewe alijitetea. "Baadaye sikuwa na ulimi wa kuongezea maneno. Nikasema huenda ndivyo wanavyopenda huko. Mtoto anaoa, mimi niseme supu ya mkwe mwenzangu imenitia ganzi mpaka masikioni?"

Binti alifasiri hili lote, na lilipofika, Mama Mizani alilazimika kukaa kwenye kiti. Alicheka akifuta macho kwa pindo la aproni yake. Fundi aliona aibu mpaka shingoni, na wakati huo huo hakumbuki lini alikuwa na furaha kama ile. Alimnyooshea mumewe mwiko. Mumewe akainua brashi kujikinga.

Kisha Mama Mizani alikunja aproni yake magotini, akaikunjua, na alipoanza kusema hakuwa anaangalia kioo. Alisema taratibu na kwa kirefu. Binti aliyekuwa anafasiri kila kitu safari hii hakufasiri. Alimtazama tu mama yake. Ikabidi kijana achukue.

"Anasema hivi, mama. Anasema samahani ile ya paka, hiyo imekwisha. Siyo hiyo iliyomkosesha usingizi. Anasema huyu mtoto wake akipata homa hali kitu. Tangu mdogo, hali kitu chochote, anageukia ukutani. Kinachoingia ni supu hii tu. Yeye anaipika, anakaa kitandani kwake, anamlisha kijiko kwa kijiko, hata sasa na ukubwa huu." Kijana akakohoa. "Anasema, huko anakokwenda ni mbali. Anataka kukuuliza. Mwanangu akiumwa huko kwenu, nani atampikia?"

Kumbe ndilo lilikuwa swali. Wiki zote hizo za viazi na samaki na mizani, mama wa watu alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka swali moja.

Fundi aliuweka mwiko chini. Alivuta kiti, akakaa mbele ya simu ili macho yao yawe sawa.

"Mwambie hivi, na usimpunguzie. Mimi nina kazi yangu. Nina magauni ya watu yananisubiri pale mbele, na wenyewe wamekwisha kuanza kunitukana. Huyu mzee wangu mpe viazi vya kuchemsha leo, mpe kesho, mpe mpaka afe, hatanung'unika. Kijana namjua, anakula hata mawe. Sasa mwulize." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Anadhani supu hii najifunza kwa ajili ya nani?"

Kijana alifasiri. Ilimchukua muda, kwa sababu katikati alilazimika kusimama.

Mama Mizani alisikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani. Akainuka, akatoka kwenye kioo, na kiti chake kikabaki kitupu. Fundi alikitazama kile kiti. Nimesema vibaya, aliwaza. Nimeongea kwa ukali, nimemuumiza, nimeharibu kwa mdomo wangu bila hata simu kunisaidia. Mumewe alimwekea mkono begani na yeye hakuuhisi.

Halafu sufuria kubwa, tupu, ikatua mezani upande wa pili kwa kishindo. Ikafuata kuku mzima, mbichi. Ukafuata mtungo mzima wa vitunguu saumu. Mama Mizani alirudi mbele ya kioo, macho mekundu, akakunja mikono ya blauzi yake moja baada ya nyingine. Alichukua kitunguu saumu kimoja, akakipasua kwa kiganja, akainua punje moja juu kabisa ili Fundi aione, na akasema maneno machache, makali, kama mtu anayemwamrisha dada yake.

Binti alikuwa analia waziwazi, hafasiri kitu. Kijana akafungua kinywa.

"Mama, ngoja, anasema..."

"Ngoja nini?" Fundi alikuwa ameshasimama, ameshaishika ile sufuria ya karafuu kwa kitambaa, anaelekea nayo kwenye sinki. "Unadhani sijamwelewa? Mzee, niletee kuku mwingine. Na wewe acha kusimama hapo, msaidie mama mkwe wako kumenya."